Sili ya Silinda ya Mkono

Jumatatu, 4 Machi

Katapila ndogo ya mchimba mitaro imeletwa gereji. Silinda ya mkono inavuja — ukiuinua mkono, unashuka wenyewe kama mtu anayesinzia. Kaka alitaka tuipeleke kwa mafundi wengine. Baba kakataa. "Ng'ombe hazeeki maini," kasema, akavaa ovaroli. Kaka akanivuta pembeni: hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Ikiharibika, Baba anabaki nyumbani. Baba, abaki nyumbani! Labda tumfunge kamba.

Jumanne, 5 Machi

Tumeifungua. Fimbo ya silinda haina mkwaruzo, ni sili tu, ule mpira wa kuzuia mafuta, imekwisha. Harufu ya mafuta yale! Nikajiona niko darasa la pili, nimekalia debe, Baba anaitia sili mpya kwenye maji ya moto ilainike, huku anapiga mluzi. Marehemu Mama aligombana naye kila mara kwa sababu ya sufuria zake. Majirani walisema binti huyu ataunga mboga kwa grisi. Waseme! Hapakuwa na mtoto mwenye raha kama mimi. Leo maji nimechemsha mimi, na mluzi ni uleule. Nimezikumbuka siku zile hadi machozi yakanilenga.

Jumatano, 6 Machi

Baba kaweka sili mwenyewe. Hakutaka mkono wa mtu. Mdomo wa sili hutazama ndani, kwenye mafuta, ili mafuta yakisukuma, ubane. Alinifundisha yeye, kabla sijajua hata kugawanya. Leo kautazamisha nje.

Niliona. Alikuwa anatabasamu, nikanyamaza. Nilingoja atoke kidogo niigeuze — wapi! Hakwenda hata kunywa maji. Kafunga, kakaza, kanipiga begani: tumemaliza, mwanangu. Nami nikaitikia, tumemaliza. Mjinga mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Imevuja. Mbele ya mwenye mashine, mbele ya Kaka. Mafuta chururu mpaka chini.

Tukaifungua tena. Kaka akaichomoa sili, akaona ilivyogeuzwa, akauliza nani kaiweka. Baba alinigeukia akanitazama, naye pia anangoja kujua. Hakumbuki. Mungu wangu, hakumbuki!

Nikasema ni mimi.

"Mdomo hutazama mafuta," Baba akasema, taratibu. "Nimekufundisha mara ngapi, mwanangu?"

Nikamwomba radhi. Iliniuma, lakini nilitamani aendelee kunigombeza, maana sauti ilikuwa ile yake ya zamani, isiyo na wasiwasi. Kaka ndiye aliyetukatiza. Akasema basi, mimi nisiiguse tena silinda hiyo. Kesho asubuhi Baba ataiweka sili peke yake.

Baba kafurahi sana. Sasa hivi yuko sebuleni, anapangusa spana zake moja moja. Kaniuliza kama nitakuja kusimama karibu, nitazame, nijifunze.