Mla Penseli wa Kawangware

Nyumba za Ng'ang'a,
Sarang'ombe, Kibera,
Nairobi.
Jumatatu, 18 Novemba 1996

Mpendwa dada yangu Kageha,

Pokea salamu nzito, za kubebwa na watu wawili. U hali gani huko Botswana? Lile goti lako la kushoto limenyamaza ama bado linatabiri mvua? Na Morris, kitinda mimba wako, siku hizi anakula ama bado anabishana na chakula? Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Sella wangu alikuwa na homa, ikaona ni mkali, ikatoka yenyewe. Whitney ameota meno mapya ya mbele na anayaonyesha kila mtu hata makanga wa matatu. Mimi mwenyewe niko imara kama chuma cha reli, na pale Soko la Toi hakuna muuza viatu vya mitumba anayenifikia. Mtu anakuja kutafuta ndara, anaondoka na buti, na anashukuru.

Usishangae kuona barua ya mtu kama mimi imeandikwa kwa penseli. Kalamu yangu unaijua. Sababu utaikuta mbele, na tafadhali usiisome ukiwa unakula.

Barua yako ilifika salama. Umeniuliza kama huyu Austine Osewe anayemtaka Daisy wako ni mtu ama ni nguo tu. Umesema nikiandika ndiyo, utawapa ruhusa wazee wa upande wa marehemu mume wako wawapokee watu wa Osewe Krismasi. Nikiandika hapana, mlango umefungwa, Daisy alie machozi yake mpaka yaishe. Dada, ulifanya vizuri kuniuliza mimi. Shule niliiacha darasa la sita, lakini dunia ikanimalizia masomo. Nimehudumu hoteli ya watalii, nimelala Kampala, nimekula Jinja, nimefukuzwa Mombasa. Mwanamume nikimwona anavyofunga kamba za viatu, najua kama huyu atakimbia nyumba yake.

Basi nikaenda mtaa wa Kawangware 56 bila kumwambia Daisy, ingawa tunalala naye nyumba moja. Kijana ni karani katika duka la mabati na mbao karibu na steji. Nikajifanya mteja wa misumari. Kwa macho hana kosa. Ni mrefu, kola safi, heshima mpaka anainama akikupa chenji. Nikasema moyoni, hawa shemeji zangu Wajaluo kuzaa wanajua. Nilikuwa karibu kuondoka na ndiyo yako mfukoni.

Halafu akachomoa penseli nyuma ya sikio.

Unaijua ile penseli bapa ya fundi. Hiyo yake ilikuwa imetafunwa mpaka rangi imeisha na mti umechanuka nyuzinyuzi, kama mswaki wa kijiti ambao babu aliusahau mdomoni. Akalamba ncha, akaandika neno. Akalamba tena, akaandika neno. Ulimi mweusi kama sufuria ya kuni. Akitaka kuwaza, anageuza upande wa pili na kuusaga kwa magego, kru, kru, kama panya ndani ya gunia la mahindi. Akimaliza anairudisha nyuma ya sikio, na kitu fulani kinateremka polepole shingoni. Nilijidanganya kwamba ni jasho. Dada, jasho halivutiki vile.

Na hiyo ilikuwa penseli tu. Ngoja biro.

Wewe mtu wa shule utasema biro ina kifuniko. Sisi hapa plotini, biro ni kama binadamu, ina viungo vyote. Ina kofia, na kofia ina sikio, yaani kile kiulimi cha kuning'inizia mfukoni. Ina mfupa, ile plastiki unayoona hadi ndani. Ina utumbo wenye wino, na mdomo wa shaba. Nyuma kabisa ina kizibo kidogo ambacho Whitney hukiita kitako, nami sijamkanya kwa sababu ndipo kilipo. Basi huyu mkwe wako mtarajiwa amemla mtu mzima. Kitako hakuna, alikimeza nafikiri kabla ya mvua za Aprili. Mfupa umepasuka, na ndani ya nyufa mna kitu cha kijani ambacho sitaki kukijua jina. Utumbo umekunjamana kwa meno. Lakini lililonimaliza ni sikio la kofia. Hilo ndilo anachokolea sikio lake mwenyewe. Analizungusha humo, anafumba jicho moja kwa utamu, analitoa, analitazama limekuja na nini, analipangusa kwenye suruali. Kisha kofia hiyo hiyo anaitia mdomoni.

Wala si yeye peke yake, maana Nairobi hii watu wanatafuna plastiki kama muwa. Mama mmoja alikuja kuagiza mabati, akapewa biro aandike jina lake. Akasimama kuwaza, na papo hapo kofia ikaingia jinoni. Nilitaka kumpigia kelele nikashindwa. Dada, mimi nimewahi kuzibua mtaro wa jikoni hotelini kwa mikono na kula chakula cha mchana kando yake. Siku hiyo sikula cha mchana.

"Mzee, weka sahihi hapa," kijana akanisogezea ile biro. Ilikuwa na joto, na ilikuwa inateleza. Nikaishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya.

"Kijana, leo hukupata chai?"

"Nimepata, mzee. Kwa nini?"

"Naona unamalizia na mbao za tajiri."

Wateja wakacheka. Naye akacheka, midomo ya bluu mpaka ufizi.

"Ni akili inafanya kazi, mzee. Meno yakinyamaza, hesabu nayo inanyamaza."

"Basi wewe oa penseli."

"Niko na mtu tayari, mzee."

"Mwambie nimempa pole," nikasema, nikaondoka. Misumari niliisahau kwenye kaunta.

Nyumbani nilinawa mikono kwa sabuni ya kipande mpaka Sella akaniuliza kama nimeosha maiti. Nikamweleza yote, pamoja na sikio la kofia. Unafikiri alinihurumia? Alilinda kabila lake.

"Baba Whitney, si wewe ulinioa nikiwa na odowa kwenye kibeti?"

"Odowa ni mawe ya kutafuna, safi, ya sokoni. Hayajawahi kuingia sikioni mwa mtu."

"Uliyafuata hayo mawe mpaka kwetu."

Kumbe Daisy alikuwa nyuma ya pazia. Akatoka ameshika kijiko.

"Anko, ulienda kumchunguza?"

"Mama yako amenituma."

"Sasa utamwandikia mum nini?"

"Nilichoona."

"Aki anko. Mtu anakataliwa juu ya biro?" Akarudi nyuma ya pazia, na ugali wake ukapoa hivyo hivyo. Tangu hapo hakuniongelesha. Akitaka nipishe njia anamwambia Whitney aniambie. Lakini mimi nilikuwa nimeshaandika hapana, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi safi. Ilibaki kununua stampu tu. Ni Sella aliyesema, mwite hapa umwone akiwa mgeni, usimhukumu kwa alivyo kazini. Nikakubali, lakini nikapanga hila yangu.

Kwa hivyo jana Jumapili, baada ya kanisa, akaja. Unaikumbuka kalamu niliyopewa na yule mtalii Mjerumani, yenye kofia ya rangi ya dhahabu na mfupa mweusi mzito, ambayo hata pasta sijawahi kumwazima? Nikaiweka katikati ya meza, kati ya kuku na chapati. Huo ndio ulikuwa mtihani wake. Akiitia mdomoni hata mara moja, karatasi yako ya hapana inapanda ndege.

Aliponiona mlangoni akaganda.

"Mzee wa misumari," akasema kwa sauti ndogo.

"Karibu. Ulimi umerudi rangi yake?"

"Bado kidogo, mzee."

Akaketi, akaikalia mikono yake yote miwili. Nakwambia ukweli, niliona macho yake yakienda kwenye kalamu na kurudi kama mbuzi aliyefungwa kamba karibu na sukumawiki. Nikamwuliza maswali magumu makusudi ili akili ifanye kazi. Mtoto wetu utamlaza wapi? Tajiri akikufukuza mtakula nini? Mama yako amekubali mkwe asiyejua Kijaluo? Kila akivuta pumzi ya kujibu namsogezea kalamu kidogo. Jasho lilimtoka, la kweli safari hii, lakini majibu yote yalikuwa mazuri na mikono haikutoka. Nikaanza kuona aibu kwamba atashinda.

Nikampa la mwisho. "Na nikimwandikia mama yake hapana?"

Kabla hajajibu nikasikia kru. Halafu kru, kru.

Nikamtazama Osewe. Mdomo umefungwa. Dada, alikuwa Daisy wako. Ameokota kalamu yangu ya Mjerumani bila kujijua, ameilaza kwenye magego, anatazama sakafu, machozi yanamtoka, anaisaga dhahabu yangu mpaka inalia.

Osewe hakugeuza hata kichwa. Akatoa mkono mmoja chini ya paja, akaivuta kalamu polepole kutoka mdomoni mwa Daisy, akaipangusa kwa shati lake la kanisani, jeupe. "Pole pole, utavunja jino," akamwambia. Halafu, akiwa bado anatafuta jibu la swali langu, akaitia mdomoni mwake mwenyewe. Upande ule ule. Mate ya mwenzake hata hayajapoa.

"Ukiandika hapana, mzee," akasema huku ameibana kwenye meno kama kiko, "nitarudi hapa mpaka uandike upya."

Sella alicheka mpaka chai ikamtoka puani, ikaingia kwenye mchuzi, na hilo nalo nikalivumilia. Nikatoka nje kutafuta hewa. Hewa ya mtaro wetu unaijua, haikunisaidia.

Pale mlangoni ndipo nikaukumbuka ule muwa. Wewe na marehemu Shivachi mkitembea kutoka soko la Mbale kule kwetu, muwa mmoja, yeye anauma, wewe unauma pale pale alipoacha. Baba aliwaona akatema chini, akasema binti yake haendi kwa mtu anayekula makapi. Ulilia mpaka akachoka. Na mimi sijaona nyumba iliyopendana kama ile yenu, mpaka Mungu alipomchukua.

Kwa hivyo dada, jibu langu ni ndiyo. Sisemi haichukizi. Inachukiza hata sasa ninavyoandika. Lakini kijana yule aliweza kujizuia kwa ajili yake mwenyewe mpaka nikamchoka, akashindwa tu alipomwona Daisy analia. Wape wazee ruhusa. Waambie tu Krismasi kila mtu aje na kalamu yake, na kofia zibaki kwenye masikio ya wenyewe. Ile karatasi ya hapana, Sella ameiwashia jiko.

Kalamu alinirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote, ikimeremeta, na haikuwa dhahabu iliyokuwa ikimeremeta. Nikamwambia akae nayo, ni zawadi ya mjomba wa bibi harusi. Hii penseli ninayoandikia ni ya Ng'ang'a mwenye nyumba. Nimeizungushia karatasi ya nailoni kwa sababu meno yake siyajui historia.

Sella anakusalimu sana, anasema umtumie picha yako ya sare ya uuguzi. Whitney anakusalimu. Daisy, ambaye sasa ananiongelesha kuliko redio, anasema atakuandikia mwenyewe. Ukiipata barua yake, ishike pembeni. Nisalimie Morris, na wote wanaokutendea wema katika nchi hiyo ya watu. Mungu akulinde na kulifariji goti lako, akurudishe nyumbani umpeleke mtoto wako kwa mkono wako mwenyewe.

Unajua kwetu mjomba hubariki kwa kumtemea mtoto mate kifuani. Jana akitoka kumsindikiza Osewe, Daisy alinisogelea, akainamisha kichwa, akasubiri. Nikamwambia mate mnayo ya kutosha. Baraka yangu nimeitoa kavu.

Mdogo wako akupendaye, mwenye mikono iliyonawa,
Naftaly