Mlima Ninaoujua kwa Chaki

Homa Bay, Jumapili, Julai 1967

Upepo wa ziwa umeanza mapema leo na umeleta wale wadudu wadogo wa majini. Wamejaa dirishani hadi nikalifunga, na sasa chumba kina joto la kuudhi. Sina raha. Wiki nzima nimekuwa nikimshuku kila mtu.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Halvor anajua Kiswahili cha kununua samaki tu, na mama hajui kusoma. Hao ndio watu wawili ninaowaficha.

Halvor ni mwalimu wa hesabu hapa shuleni, kijana mrefu kutoka Norwe, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Alipofika mwaka jana alishusha kwenye lori mbao mbili nyembamba, ndefu, zilizopinda ncha, na wanafunzi wakadhani anaunda mtumbwi. Kumbe kwao watu huzifunga miguuni wakateleza nazo juu ya theluji. Mwezi uliopita aliniambia anataka kuteleza kwenye barafu ya Mlima Kenya likizo ya Agosti, ila anatafuta mtu anayeujua mlima wenyewe.

Nikasema mimi naujua.

Hapo ndipo nilipoharibu mambo. Mimi nafundisha jiografia. Mlima ule nimeuchora ubaoni kila muhula kwa miaka sita: msitu, mianzi, nyasi, mawe, barafu, kila ukanda na rangi yake ya chaki. Lakini kwa miguu yangu sijapanda chochote kirefu kuliko kilima cha Asego hapa mjini, tena nilipanda na viatu vya Jumapili nikarudi navyo vimeachama.

Ningeweza kumsahihisha siku ileile. Sikutaka. Sisi walimu tuna ugonjwa huu, mtu akiuliza lazima tujibu, na kutamka "sijui" mbele ya watu ni aibu kubwa. Halafu kuna jambo jingine, acha nilikiri hapa. Kila mwaka darasa linaniuliza theluji ikoje mtu akiishika, na kila mwaka nawajibu. Sijawahi kuishika. Nilitaka kuishika kabla sijazeeka.

Basi maswali yakaanza. Kila jioni Halvor anatandaza ramani kwenye meza ya walimu. Tutapata wapi maji tukishatoka msituni? Pale juu ya mianzi kuna tope? Nikamwambia hakuna tope, ardhi ni kavu na ngumu. Siku ya pili nikasoma kitabuni kwamba pale watu huzama hadi magoti.

Nikaanza kumshuku. Nikasema huyu ananipima. Ameshajua sijafika, anangoja nijikwae mwenyewe halafu acheke mbele ya walimu wote. Hata namna anavyonoa penseli yake nikaiona ni ya mtu mwenye njama. Kwa hiyo nikazidi kujibu kwa sauti ya uhakika, ile ninayotumia siku mkaguzi anapokuja.

Ijumaa akaniuliza nyufa ziko wapi. Alinieleza kwamba kwenye barafu kuna nyufa ndefu ambazo theluji huzifunika juu, mtu anateleza hapo hajui kitu, anazama, na huenda asionekane tena. Nikaweka kidole upande wa kushoto wa barafu. Kwa nini kushoto? Kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umeshika kikombe cha chai.

Halvor hakucheka. Alichukua penseli nyekundu akatia alama pale kidole kilipokuwa, kisha akavuta mstari mrefu upande wa kulia.

"Basi tutashukia huku," akasema. "Asante sana. Bila wewe nisingethubutu."

Nilimtazama usoni nikitafuta mzaha, sikuuona. Hakuwa akinipima hata kidogo.

Alikuwa ananiamini.

Leo baada ya ibada nikiwa bado nawaza nitatokaje katika shimo hili, mlinzi wa shule akaja mlangoni.

"Mwalimu, mama yako amekuja. Iko na gunia, hataki mtu ashike."

Mama ametoka nyumbani, kule ng'ambo ya Migori, bila kunipa taarifa. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za huo mlima niliomwandikia akasomewa barua, na muda wote gunia amelibana katikati ya miguu. Ndani kulikuwa na kitu kinene. Nikalitazama gunia, nikamtazama yeye, nikajua ni yago.

Kwetu mtu akipotea ziwani au ugenini na mwili usipatikane, ukoo huzika yago mahali pake, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini. Kaburi la baba pale nyumbani halina baba. Alipelekwa vita vya Burma nikiwa mdogo, hakurudi, wakazika yago. Basi nikaona nimeshaelewa kila kitu. Mama amekuja kunitisha. Atalitoa tunda aliweke mezani, anizuie kwa machozi. Hasira zikanipanda hadi nikaanza kupanga maneno ya kumjibu.

"Mama, umeleta nini humo?" nikamuuliza, kwa ukali ambao naujutia sasa.

Akafungua gunia taratibu. Ndani mlikuwa na koti zito la jeshi. Ni la baba, alilolivaa alipokuja likizo yake ya mwisho. Wazee walitaka lizikwe pamoja na yago. Mama akalificha ghalani na hakumwambia mtu miaka yote hii.

"Huko kuna baridi, wuoda," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita, mwanangu. "Baba yako alipelekwa na watu wasioijua njia. Wewe unaijua. Ndiyo maana siogopi."

Nikalipokea koti kwa mikono miwili.

Sasa amejilaza chumba cha ndani, safari imemchosha. Jua linashukia milima ya Gembe na upepo umetulia kidogo. Nimemshuku Halvor, nimemshuku mama yangu mzazi, na mwongo alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Kesho kabla ya kengele ya kwanza nitabisha kwa Halvor nimwombe afute ule mstari. Kule Nanyuki wapo watu wanaopanda mlima ule kwa kazi, awatafute hao. Kama bado atanitaka, nitatembea nyuma yao nikiuliza maswali. Ila mama lazima nimwambie leo hii, maana kesho anarudi nyumbani na atawaambia watu wote kwamba mwanawe anaijua njia.

Nimelijaribu koti. Linanienea mabegani, mikono yake inanifika sawasawa.

Nimelivua, nimelikunja, nimeliweka mezani. Namsikia mama anaamka.