Kahawa ya Wazee wa Daktari

Ibra, 9 Januari 2025

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, na natumai maumivu ya goti yamepungua hapo Sur.

Mama hali yake ni ile ile. Daktari alimfunga plasta ule mkono uliovunjika, ikambana, vidole vikafa ganzi. Aliporudi kumwambia, alijibiwa, "Meza panadol, nyinyi wanawake hamvumilii." Hakuvitazama hata vidole. Sasa mkono wa kulia haushiki kijiko.

Bibi, nina wivu. Turkiya, binti wa daktari, hukaa mbele yangu darasani, na kila siku kasukwa nywele na mama yake. Mimi hujisuka mwenyewe, zinakwenda upande. Natamani na kwao kuharibike kitu.

Baba ameshtaki kwenye kamati ya madaktari. Ijumaa ijayo wazee wa ukoo wa daktari wanakuja kumwomba aiondoe kesi. Anasema ni jamaa, ataona haya kukataa.

Mjukuu wako,
Taghreed

Sur, 13 Januari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, lakini naswali nimesimama, alhamdulillahi.

Mwache Turkiya na mama yake. Yeye hakumfunga mtu plasta. Daktari ndiye ajibu, asije akamfanyia hivyo mwengine.

Wazee watapewa kahawa, wataiweka chini, waseme, "Hatunywi mpaka utupe haja yetu." Mgeni kuondoka hakunywa ni aibu ya nyumba, na babako atatahayari. Desturi hiyo siidharau. Lakini haja huombwa mwenye nayo, na mkono si wa babako. Msomee mamako haya.

Bibi yako,
Mahfudha

Ibra, 19 Januari 2025

Bibi,

Shikamoo. Mungu akuponye goti.

Walikuja, wakaweka finjani chini. Baba alikwisha fungua mdomo, mama akatokea mlangoni.

"Ami zangu, kahawa ni ya mume wangu. Mkono ni wangu, na sikusamehe."

Mzee mmoja akasema, "Binti yetu, daktari ana watoto."

"Na mimi ninao."

Wakaondoka, finjani zimejaa. Baba siku ile hakula.

Turkiya kahamia dawati la nyuma. Sitakudanganya Bibi, bado nageuka kumtazama nywele.

Leo kamati imemwita mama. Alikuwa anatafuta teksi. Baba akachukua ufunguo, akamfungulia mlango wa gari. Kisha akainama akamfunga mkanda, kwa kuwa mwenyewe hawezi.

Mjukuu wako,
Taghreed