Mkwe Mtarajiwa wa Mzee Festus

Jumapili, 14 Februari 1954
Mwezi wa kumi na moja tangu nitoke kwetu Connemara, Ayalandi. Huku Uingereza, Huddersfield, mvua tu. Wiki nzima mtaroni, maji magotini. Mgongo umekufa.

Barua ya mama. Mwalimu humwandikia, kwa Kiingereza chake cha vitabuni. Mzee Festus, babake mchumba wangu Baibín, alikuja kukagua shamba kabla ya kukubali posa. Alilizunguka na mkwe wake "prospective", wakaona ng'ombe wanane.

Neno hilo silijui. Na ng'ombe tunao wanne!

Jumatatu, 15 Februari
Nimemuuliza Bi. Hollis, mwenye nyumba. Ni mtarajiwa, kasema. Mtu ambaye hajawa, ila anatazamiwa kuwa. Kesho anakuja mpangaji mtarajiwa kutazama kitanda cha dirishani.

"Si mpangaji bado, mwanangu. Mpaka alitue sanduku lake."

Basi mkwe mtarajiwa ni mimi. Lakini mimi nilikuwa mtaroni. Mzee alitembea na nani?

Jumatano, 17 Februari
Taimín, mwenzangu wa kazi na wa kwetu, kacheka. Ng'ombe wa ziada ni wa jirani, kasema, kila nyumba huazima siku ya ukaguzi. Najua. Babangu aliazima hata farasi. Ila mama hawezi kuswaga ng'ombe. Aliyeazima, nikamwambia, ni mdogo wangu wa kiume, Beairtle.

"Na huyo mdogo wako amewahi kukuhangaikia wewe lini? Hata kibiriti hakupi."

Nimechukua sepetu. Nimechimba.

Jumanne, 23 Februari
Barua ya Beairtle. Ya kwanza tangu niondoke! Bahari imechafuka, nisijisumbue kuja sasa. Nije Pasaka. Baibín mzima.

Nani kamuuliza habari za Baibín?

Kwaresima inaanza Jumatano ijayo. Kwetu hakuna ndoa ndani ya Kwaresima. Anayeoa, aoe kabla. Beairtle anajua. Najua.

Ijumaa, 26 Februari
Yule mpangaji mtarajiwa alibonyeza godoro wiki jana, akaenda kufikiri. Leo karudi na sanduku. Kitanda kina mtu mwingine tayari. Kasimama mlangoni, analowa — sikuweza kumtazama.

Msimamizi wa kazi kasema nikiondoka, nafasi yangu haipo. Sawa.

Nyumbani sijawaarifu. Nimefunga sanduku kwa kamba. Kesho treni, halafu meli. Jumatatu, saa ya kukamua, nitalitua uani kwetu.