Stakabadhi Ndani ya Biblia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Mchafukoge. Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Mama yako yuko dukani Kariakoo, anakusalimu.

Unauliza kwa nini benki ya huko Mwanza, kabla ya kukupa mkopo wa kumalizia nyumba, inataka stakabadhi za kodi ya ardhi. Nimecheka, maana marehemu babu yako aliuliza hivyohivyo. Tulipoomba mkopo kwa nyumba hii, tukiwa vijana, nilipaka rangi na kupika pilau kumpokea mtu wa benki. Kuta hakuzitazama. Aliomba stakabadhi hizo tu.

“Nyumba yangu mwenyewe, nimlipe nani?” babu yako akafoka.

“Nyumba ni yako, bwana. Ardhi umepewa na serikali kwa miaka maalumu. Usipoilipia, hati inaweza kufutwa. Sisi benki tutabaki tumeshika dhamana gani?”

Babu yako akamwongezea pilau.

Tangu hapo alilipa kila mwaka, na stakabadhi akazitunza ndani ya Biblia. Kanisani alikuwa mvivu, lakini Biblia hiyo aliifungua kila mwaka bila kukosa.

Nimekutumia Biblia yenyewe. Weka zako humo, na ukiifungua, soma hata mstari mmoja umsomee na babu yako.

Bibi yako anayekupenda