Nilisimama Mahali Pako, Zita

Kliniki ya Mama na Mtoto,
Sumbawanga.
Jumapili, 29 Juni 1980.

Mpendwa dada yangu Zita,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Sijui zitakukuta katika hali gani, nawe usijilazimishe kuniandikia kwamba hujambo kama hiyo hujambo yenyewe haijarudi. Nitashukuru nikisikia tu kwamba unakula, kwamba usingizi unakuja, na kwamba miguu ya mama yako, Mama Stefania, haimsumbui sana huko bondeni. Mwambie mwanawe Bertilla anampigia magoti na kumpa shikamoo.

Sisi ni wazima. Upepo wa mwaka huu umekuja na hasira. Wauguzi wanavaa makoti juu ya sare, na akina mama wa Mollo wanafika asubuhi watoto wamefungwa mablanketi hata hujui uso uko upande gani. Sukari hakuna, sabuni ni ya kujuana, ila ulezi umetukubali na hakuna nyumba inayolala njaa. Adolfu wangu bado anafundisha darasa la sita, na bado anasahau sweta halafu anakohoa na kusingizia chaki. Gaudensi wako ninamwona kila Jumapili baada ya misa. Ananiuliza kama nimepata barua kutoka Kaoze, ninamwambia bado, anasema vema, tumwache apumzike, kisha anavaa kofia yake anakwenda. Amepaka nyumba yenu chokaa. Hakunituma nikuambie hilo, nimeliona mwenyewe nikipita.

Sasa nikupe habari iliyonikalisha hapa mezani. Semina imefanyika.

Najua hukuisahau. Jina lako lilipotokea kwenye orodha ya wasemaji uliruka ukanikumbatia mbele ya foleni nzima, na mama mmoja akatuuliza kama tumepandishwa vyeo. Watunza kumbukumbu za afya kutoka Mbeya, Iringa, Ruvuma na Kigoma, wote waje kwetu, na Zita asimame awaeleze jinsi tunavyowapata watoto kwenye kadi tangu watu wahamishiwe vijijini! Ulikuwa umeanza kunifanyia mazoezi ya sauti, mimi nikiwa ndio wasikilizaji. Baada ya yale yaliyotokea mwezi wa tatu, hakuna aliyekuwa na moyo wa kulikata jina lako. Lilibaki pale ukutani mpaka Mganga Mkuu wetu aliponiita ofisini, akaniambia kwa upole kwamba ama nisimame mimi, ama Rukwa ikae kimya kwenye semina inayofanyika Rukwa.

Nilikataa. Unanijua. Mimi ni yule niliyepewa somo la kusoma kanisani nikaishia mstari wa kwanza, wewe ukatoka kwenye benchi ukaja kunimalizia. Nilimweleza Adolfu nyumbani kwamba nimekataa, naye akaendelea kusahihisha madaftari yake kwa muda, halafu akasema kwamba yeye haoni kama ninaombwa kusema, anaona ninaombwa kumshikia Zita nafasi yake. Kesho yake nikarudi kwa Mganga.

Wageni walifika kwa basi la Mbeya, wekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu. Ungecheka. Wengine walikuwa wameonywa huko kwao kwamba Sumbawanga si mahali pa kumuudhi mtu, utarogwa. Kuna mmoja alimgonga mbuzi kwa begi lake pale stendi akamwomba radhi, kwa heshima kamili, wenyeji tunamtazama. Siku ya pili walishazoea. Walikuwa wanakula ugali wa ulezi na kuuliza unapatikana wapi wa kubeba.

Siku yangu ilipofika nilisimama mbele ya ukumbi wa shule, na badala ya kusema Ndugu Mwenyekiti nikajikuta nimewasalimia kwa Kifipa. Wageni wakatazamana. Wafipa waliokuwa nyuma wakaitikia kwa sauti, wapishi wakaitikia kutoka jikoni, na watu wote wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichonifungua. Nikawaambia kwamba ninayoyasema si yangu peke yangu, ni ya watu wawili, na yule wa kwanza hakuweza kufika.

Basi nikawaeleza kama ulivyokuwa ukinieleza mimi. Kwamba baada ya Operesheni Vijiji mama alikuwa anakuja na kutaja kijiji chake cha zamani, kadi ya mtoto tumeiandika kwa kijiji kipya, tunatafuta mpaka mtoto analia, mwisho tunamwandikia kadi nyingine, na mtoto mmoja anakuwa watoto wawili. Kwamba wewe ndiye uliyesema mtoto hajapotea, ila sisi tunamtafuta kwa njia moja tu. Nikawaonyesha kadi zetu: kubwa kwa jina la mama, na ile ndogo tuliyokata kwenye maboksi ya maziwa ya unga, ya kijiji cha zamani, inayosema nenda kule. Nikawaonyesha na droo aliyotutengenezea Gaudensi. Walikuja kuifungua na kuifunga kama watoto.

Halafu akasimama dada mmoja wa Mbeya anaitwa Sekela, mwembamba, ana sauti ya kwaya. Akasifu kwanza, kisha akauliza, na mama akifariki? Au akiolewa kwingine akabadili jina, mtoto akabaki kwa bibi, mtamtafuta kwa jina la nani? Zita, nikaliandika swali lake juu ya ratiba. Nilisema wazi kwamba hilo hatujalitatua. Wakati wa chai akaja kukaa nami kwenye ngazi za nje, juani, tukaumiza vichwa pamoja. Yeye kwao wanampa mtoto namba siku ya kwanza, na namba hiyo haibadiliki hata mama abadili jina, hata kijiji kihame tena. Majina yote na vijiji vyote vinaelekeza kwenye namba ile. Lakini kwao hawana kadi ndogo za vijiji vya zamani, kwa hiyo mtu akiisahau namba wanakwama. Mimi nikampa vijiji, yeye akanipa namba. Tulichora juu ya ratiba ya semina mpaka nafasi ikaisha, tukasahau chai ikapoa. Nilitamani sana uwe pale katikati yetu, maana najua ungetupokonya kalamu.

Siku zile watu walikuwa hawatawanyiki baada ya vikao. Walikaa vikundi vikundi wakiandikiana anuani, huyu akieleza panya walivyommalizia majalada yake, yule akieleza anavyotumia maganda ya sabuni kutenganisha vijiji. Kumbe kazi hii tuliyodhani tunaifanya wawili kwenye chumba kisicho na dirisha ina watu wengi, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Jambo lililofuata nimefikiri sana kama nikuandikie. Naona ni lako, kwa hiyo nakuandikia.

Mchana, kwenye maswali, ndugu mmoja wa Iringa aliuliza kwa nini kadi za watoto waliofariki bado zimo kwenye droo pamoja na za walio hai. Hakuuliza kwa ubaya. Alisema kwao wanazitoa na kuzifunga kwenye magunia, maana zinajaza nafasi. Nilikuwa nimeandaa jibu la takwimu kwa swali hilo, zuri kabisa, Mganga alinisaidia. Likanitoka kichwani lote. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Kuna kadi ya mtoto mmoja niliyotakiwa kuitoa mwezi wa tatu. Niliitoa. Nikazunguka nayo chumbani, sikupata mahali pa kuiweka. Mama yake ni mwenzangu wa meza moja, surua ilimkuta mtoto kwa bibi yake bondeni, mvua zilikuwa zimeikata barabara, sikufika hata kumzika. Nikairudisha palepale ilipokuwa, nikaandika tarehe pembeni. Tangu siku hiyo ninafanya hivyo kwa wote."

Sikutaja jina la Evaristi. Sikutaja lako. Ndugu yule wa Iringa akaweka kalamu chini akasema, "Nimeelewa, dada," akakaa. Mganga akaandika kitu kwenye daftari lake. Jioni alikuja chumbani kwetu akafungua safu ya vijiji vya bondeni, akapitisha kidole kwenye zile tarehe za pembeni, moja baada ya nyingine. Akaifunga droo, akatoka. Asubuhi akatangaza ukumbini kwamba barabara ikikauka vizuri timu ya sindano ya surua itashuka Kaoze na Ilemba, maana watoto wakubwa wakichanjwa, wachanga ambao umri wao haujafika nao wanakingika. Najua haimrudishi yeyote. Nakuambia tu kwa sababu ikifika hapo nyumbani ujue imetoka wapi.

Katika wageni alikuwepo mzee mmoja, Tuntufye Mbonile, kutoka Tukuyu, anakaribia kustaafu. Baada ya maswali yale alinikuta nyuma ya ukumbi ninafuta macho. Nikamwamkia, akaniitikia, akasimama kando yangu akitazama milima kama mtu asiye na haraka. Kisha akaniuliza kama yule mwenzangu tunaonana. Nikamwambia hapana. Nimemwandikia, hajibu, na sasa hata kumwandikia naogopa, kwa sababu nina jambo la furaha na sijui nitalipeleka vipi kwenye nyumba yenye msiba.

Halafu akasema, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema:

"Binti yangu, mke wangu alipofariki watu walinihurumia sana. Wakanificha harusi. Wakanificha ubatizo. Mdogo wangu alipata mtoto, mimi nikajua siku niliyomkuta anatambaa uani. Walidhani furaha yao itaniumiza. Iliniuma, sikatai. Lakini iliniuma zaidi kuona nimetolewa miongoni mwa walio hai, na mimi bado napumua. Mwenzako mwachie achague mwenyewe kulia au kucheka. Usimchagulie."

Zita, nina mimba.

Nimeandika, na siwezi kufuta, karatasi nyingine sina. Nina mimba tangu Kwaresima. Miaka yote ile ya kwenda na kurudi kwa waganga, wewe ndiye uliyekuwa unanishika mkono kila mwezi nilipokuta si kitu, na wewe ndiye uliyemkaripia shangazi yake Adolfu aliponiita mti usiozaa. Wewe ulikuwa uwe mtu wa kwanza kujua, kabla hata ya Adolfu. Nilipata uhakika wiki ileile tuliyoletewa habari za Evaristi. Nilikaa kwenye stuli yako, nikafurahi na kulia kwa pumzi moja, nikawa najichukia kwa kufurahi na kujichukia kwa kulia. Nikafunga kanga juu ya tumbo, nikakaa kimya. Barua zote mbili nilizokutumia tangu wakati ule zilikuwa na habari ya mvua na bei ya maharage, na sasa najua kwa nini hukuzijibu. Hazikuwa na mtu ndani yake.

Mvua za kwanza zikianza, Mungu akipenda, mtoto atafika. Naogopa, Zita. Ninaamka asubuhi naweka mkono tumboni kuhakikisha. Wauguzi wananiambia yote ni sawa, nawaamini kwa nusu saa. Sina mama, hilo unalijua, na dada niliyejaliwa ni wewe. Sikuombi uje kunifurahia. Ukija ukaninunia mwezi mzima nitakupikia. Ukimshika mtoto ukamlilia Evaristi, mlilie juu ya mtoto huyu, machozi hayamdhuru. Na kama huwezi hata kumtazama, kaa chumba cha pili nisikie unakohoa, mimi yanitosha.

Kama huwezi kabisa, niandikie neno moja tu: bado. Nitakusubiri bila kukuuliza tena, na sitakupunguza hata kidogo moyoni mwangu.

Nimezungumza na Eustaki, dereva wa lori la misheni, anayekuletea barua hii. Barabara imeshakauka, na kila Alhamisi anashuka Kaoze kupeleka chumvi na jioni kurudi na mpunga. Nimemwomba kiti cha mbele kisikaliwe na mtu wakati wa kupanda kuja huku juu. Alinicheka, akasema watu watamgombania, kisha akakubali. Gaudensi anajua kuhusu kiti hicho. Anajua na habari yangu, nilimwambia leo baada ya misa. Akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mwandikie. Mwandikie leo."

Nisalimie Mama Stefania tena, na majirani wote walioshinda nawe msibani, ambao siwajui kwa majina lakini ninawashukuru. Adolfu anakusalimu, anasema hatachokonoa lolote ukifika, atakaa na madaftari yake. Sekela naye amenisisitiza nikupe salamu zake, ingawa hamjaonana, anasema amekuzoea tayari kwa kunisikiliza.

Mungu akulinde, na akupe mchana mwema siku barua hii itakapokufikia. Alhamisi nitakuwa stendi. Ikiwa Eustaki atafika na kiti kitupu, nitamshukuru, nitarudi nyumbani, na Alhamisi inayofuata nitakwenda tena.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Bertilla