Mama Bupe, Rudi na Kiwiko Chako

Mke wangu mpendwa, Mama Bupe,

Tangu uondoke kwenda kwa mwanetu huko Mbeya, nalala usingizi ambao hata wafalme hawaupati. Kitanda chote changu. Najinyoosha huku na huku, hakuna wa kunivutia shuka, hakuna wa kunichoma kiwiko mbavuni. Asubuhi watu wakinisalimia "Ugonile?" nawajibu kwa sauti ya jogoo kwamba nimelala, tena nimelala hasa.

Haya, huo ni uongo. Silali. Nakaa kitako kwenye kile kiti cha mianzi, kichwa nimekiegemeza ukutani kama abiria aliyeachwa na basi. Kitanda nakiogopa. Na hii salamu yetu ya Kinyakyusa, ya kumwuliza kila mtu kama amelala, sijui ni nani aliyeianzisha, ila hakuwa na shingo kama yangu.

Bupe, wewe ndiye unayemsomea mama yako, maana herufi zilimshinda yeye kabla hazijanishinda mimi darasa la nne. Soma yote. Hata kama wakwe zako wamekaa hapo sebuleni, soma kwa sauti. Nimeiandika wazi makusudi. Aibu yangu imekwisha.

Mama Bupe, unakumbuka nilivyokuwa miaka ile ya foleni za sabuni? Suruali nafunga kwa kamba ya katani. Tulikuwa tunakwenda kwa mama yako Ipinda, una mimba ya huyu anayekusomea, Mto Mbaka umefurika na miti ya kuvukia imekwenda na maji. Nikakupandisha mgongoni. Maji yananifika kifuani, nami natetemeka, na wewe badala ya kusali unanung'unika, "Mifupa yako inanichoma. Nimepanda baiskeli isiyo na kiti." Tulipofika ng'ambo ukakamua khanga yako, ukasema, "Ndaga, asante. Hili nitalilipa." Shika neno hilo, nitalirudia.

Halafu biashara zikafunguliwa. Malori yakaanza kuja mpaka mashambani kuchukua mchele, nami nikawa dalali. Nanunua Busale, nauza sokoni Mbugani, na katikati ya kununua na kuuza nakula. Wali, samaki mbasa wa kuchoma, ndizi za mawese, bia za kufungia biashara na bia za kushukuru kwamba biashara imefungwa. Mwili ukaitikia. Wewe mwenyewe ulikata khanga kuukuu ukaongeza kiraka kiunoni mwa suruali yangu, kisha kiraka juu ya kiraka. Shati la mitumba nililolipenda likakataa kifungo cha shingoni. Saidi mwenye duka, ambaye ukoo wake ulitoka pwani na maneno yote ya pwani, akawa ananipigia makofi kila nipitapo: "Aaa, Baba Bupe! Sasa umekuwa mtu. Zamani ulikuwa fimbo iliyovaa shati!"

Na nikaanza kukoroma. "Hiyo mashine ya kusaga uliyoinunua," Saidi ananiuliza mbele ya watu, "mbona inafanya kazi usiku tu?" Tukacheka wote. Tulijua huo ndio usingizi wa mtu aliyeshiba. Wewe peke yako hukucheka. "Kelele zako nimezizoea," ulisema. "Naogopa unaponyamaza."

Sikukuelewa, maana mtu hajisikii akinyamaza. Wewe ndiye uliyekuwa unasikia. Nakoroma, nakoroma, kisha kimya, kifua kinahangaika na hewa haipiti, nawe unanizamisha kiwiko mbavuni: "Pumua, mwanaume wewe!" Nagutuka, napumua kama ng'ombe aliyetolewa topeni, nalala tena, sina habari. Asubuhi nalalamika mbavu zinauma. Nikakuita mchawi. Na mchana nasinzia kanisani, nasinzia kwenye mizani, mpaka ile siku niliposinzia juu ya baiskeli nikaingia kwenye mpunga wa watu na gunia langu, na wenye shamba wakadhani nimekunywa. Siku ile sikuwa nimekunywa, Mama Bupe. Siku nyingine sisemi.

Ndipo ukanipeleka hospitali. Yule daktari kijana, badala ya kunipima tumbo ambalo kila mtu alilisifia, akachukua utepe akanipima shingo. Nikamwuliza kama ananishonea shati. Hakucheka hata kidogo. Akasema mafuta hayakai tumboni tu. Yanajipanga shingoni, yanazunguka koo, yanaingia mpaka kwenye ulimi. Ukiwa macho, misuli inaishikilia njia ya hewa. Ukilala misuli inalegea, yale mafuta yanaibana njia, inaziba. Na tumbo nalo, ukilala chali, linayasukuma mapafu juu. Mwili ukikosa hewa unashtuka, unaamka kidogo bila mwenyewe kujua, unapumua, unalala, unakabwa tena, hivyo hivyo mpaka kuche. Kwa hiyo mtu analala saa zote na hajalala. Tena akichoka hivyo anakula zaidi na kutembea kidogo, ananenepa, anakabwa zaidi. Mimi nililielewa kibaiskeli: mpira wa ndani umekunjwa na tairi, utapiga pampu mpaka kesho.

"Punguza mwili," akasema. "Acha pombe. Lala ubavu."

Nikakataa. Njiani uliniuliza kwa nini, nikakujibu upuuzi. Lakini ulijua. Ulijua siku hizi mtu akikonda Kyela watu wanasema nini. Tumezika wangapi waliokonda kwa ule ugonjwa? Akikonda mtu, kikombe chake kinawekwa kando, na mwenye lori hampi tena mzigo wa kulipa kesho, maana hana hakika na kesho yake. Tumbo lile lilikuwa cheti changu cha kuwa mzima. Nikakwambia, "Afadhali ninyongwe na mafuta kuliko na midomo ya Mbugani."

Ukafunga mzigo wako. "Nimekesha miaka," ulisema. "Sitaki kuwa mjane huku naangalia. Nikiwa kwa Bupe, nitasikia tu." Hukulia. Ungelia ningepata la kukutania.

Sasa sikiliza nilivyo. Lusajo mwanetu yuko Tunduma na malori, yumo humu nyumbani mkewe tu. Yule binti ana masikio kama yako. Lakini ni mkwe, na mila yetu unaijua: mkwe hamtazami baba mkwe usoni, hatamki hata jina lake, na kuingia chumbani mwangu kuniamsha hawezi hata nyumba ikiungua. Basi akinisikia nimenyamaza, anachukua mchi wa kinu anaugonga ukuta upande wake. Gu! gu! gu! Nagutuka, napumua, nakohoa ili ajue nimerudi. Ndiyo mazungumzo yetu pekee. Ukuta umemeguka pale pale usawa wa kichwa changu, na mtoto wa watu amekonda kwa kukesha, kama ulivyokesha wewe. Ndipo nikahamia kwenye kiti, apate kulala.

Juzi mchana alikwenda shambani, nami baada ya kula nikajisahau, nikajilaza chali mkekani. Nikaota tuko Mbaka, uko mgongoni kwangu, maji yamenifunika kichwa, nami nakusukuma juu ili wewe upumue. Nilipoamka nilikuwa nimelowa kweli. Bupe, nimesema usiruke: baba yako alikuwa amejikojolea. Kuku wawili wamesimama wananitazama kama waliokuja msibani. Nikakuita. Niliita jina lako la usichana, Mama Bupe, sijui hata lilitoka wapi. Mimi naogopa. Sijawahi kukuambia neno hilo tangu nikuoe. Naogopa sana.

Nimeacha bia. Mawese nimeacha. Ipinda nakwenda kwa miguu, mchele nabebesha wengine. Mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari, na leo kile kifungo cha shati, cha shingoni, kimekubali kwa shida. Lakini koo halijui bado. Daktari alisema litachelewa. Na Mbugani wameshajua zaidi yangu. Nikitokea wananyamaza. Saidi yule yule aliniita pembeni, sauti ya chini, "Mzee wangu, hebu nenda ukapime."

"Nimepima," nikamwambia. "Shingo."

Hakucheka, Mama Bupe. Saidi hakucheka! Alinimiminia chai kwenye kikombe chenye ufa, na nilipomaliza hakukichukua. Wanasema mke amegundua ndiyo maana amekimbia. Nikinenepa nakabwa, nikikonda wananizika nikiwa nasikia. Sina pa kulala na sina pa kupita.

Kwa hiyo nakukumbusha lile neno la ng'ambo ya mto. Sikukudai miaka yote hii, na mzigo haukuwa mwepesi, mlikuwa wawili. Nadai sasa. Shuka basi pale Mbugani siku ya soko, usije moja kwa moja nyumbani. Mimi nitakuwa nimesimama, nimevaa lile shati, nimefunga kifungo. Nishike mkono, tupite polepole mbele ya duka la Saidi, tuingie, uagize chai moja, unywe wewe kwanza, kisha unipe kikombe hicho hicho mbele yao wote.

Na usiku nitalala ubavu, naapa. Ila niwekee kiwiko karibu. Cha kushoto, ndicho chenye ncha.

Mumeo, niliyekaa kitako nakungoja,
Baba Bupe